Wewe wa Kwa Nani?

Kila asubuhi Otilia alifagia uwanja, akakoroga uji wa ulezi, kisha akamvizia mama yake akosee neno. Mama hakumchelewesha.

"Nisogezee hiyo kapenta."

"Mama, huku tunasema dagaa."

"Ikishaiva utakula au utaisahihisha?"

Mama yake, Jane, alizaliwa Mbala, ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia. Alifunga ndoa kanisani na Gaudensi, mkulima wa mahindi, wakaja kuishi Sumbawanga. Kimambwe chake na Kifipa cha majirani vilielewana kama watoto wa tumbo moja. Siku ya harusi mama mkwe alimwambia, "Ukishaolewa kwetu, wewe ni Mfipa." Jane alilipokea neno hilo kama tangazo la serikali, na tangu hapo hakuna aliyekwenda ofisi yoyote kuuliza lolote.

Kisha likaja tangazo la serikali yenyewe: wakazi wote wa mtaa wajiandikishe kupata kitambulisho cha taifa. Jioni hiyo akafika baba mdogo Felisian, mtu mwenye jibu la kila jambo, hata lile ambalo hakuulizwa.

"Shemeji, sema umezaliwa kijiji cha Kaoze. Nani atateremka hadi bondeni kuhakikisha?"

"Wakijua je?" Gaudensi aliuliza.

"Watajuaje? Kifipa chake kinanishinda mimi."

"Chako kinamshinda nani?" Jane alisema, lakini hakucheka.

Otilia, aliyekuwa darasa la sita, akapewa kazi ya kumsaili mama yake. Umezaliwa wapi? Kaoze. Umesoma wapi? Kaoze. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Siku moja, katikati ya maswali, Jane akamtazama mdogo wake Otilia, aliyekuwa akinyonya.

"Otilia, wakinirudisha Mbala, huyu nitakwenda naye au nitamwacha? Na wewe?"

Shuleni hesabu zikamgomea Otilia, na nyumbani hakumvizia mtu tena.

Siku ya kujiandikisha Gaudensi alikuwa shambani, kwa hiyo Felisian ndiye aliyewasindikiza. Mwandikishaji alikuwa mama mmoja mpole, Coleta, aliyevaa sweta juu ya sweta.

"Shikamoo, mama," Otilia alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, dada, umezaliwa wapi?"

"Kaoze."

Coleta akaweka kalamu chini, uso umechangamka. "Kaoze? Na mimi wa hukohuko. Wewe wa kwa nani?"

Walikuwa wamejiandaa kwa maswali ya serikali. Swali la watu walilisahau. Jane alimtazama Felisian, na Felisian akatazama dari.

"Wa kwa Flavian," Felisian alijikakamua.

"Flavian yupi? Wa karibu na kanisa, au wa mashine ya kusaga?"

"Wa mashine."

"Yule hajawahi kuoa wala kuzaa." Uchangamfu ulikuwa umemwisha Coleta. Akamgeukia Otilia. "Mwanangu, bibi yako mzaa mama anaishi wapi?"

Felisian akakohoa. Otilia alilijua jibu walilopanga, Kaoze, alikuwa amelifundisha mwenyewe. Lakini alijua pia kwamba akilitoa, ataulizwa jingine, na jingine tena.

"Mbala," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini mama yangu si mtu mbaya."

"Umetumaliza," Felisian alinong'ona.

"Bado sijaandika," Coleta alisema. "Ningeandika Kaoze, na yeye akaweka dole gumba, hapo ndipo mngekuwa mmemalizwa."

"Lakini mimi nimeolewa kanisani," Jane alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni Mfipa."

"Ufipa umepewa na mama mkwe, hakuna wa kukunyang'anya. Utanzania hautolewi na mama mkwe, dada. Ndoa inakupa nafasi ya kuomba, haikupi uraia wenyewe. Nendeni Uhamiaji wewe na mumeo, mchukue cheti cha ndoa, mseme mambo yalivyo."

Wakarudi. Nyumbani Otilia alisimama mlangoni.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia mwenyewe. Nilikufundisha kudanganya, halafu nikakuacha ujibu peke yako."

Wakaenda Uhamiaji, wakarudi, wakaitwa tena. Waliulizwa maswali mengi, na kwa miaka aliyoishi bila kibali Jane alitozwa faini. Gaudensi akauza mahindi aliyoyaweka ya chakula, na mwaka huo uji ukawa mwepesi. Wiki zilipita kila mtu akisikiliza hatua za wapita njia. Hatimaye Jane akapata kibali cha kuishi nchini pamoja na mumewe. Uraia angeuomba baadaye, na hakuna aliyemwahidi kwamba ungekuja haraka.

Felisian alifika kupongeza. "Ningeulizwa mimi vizuri siku ile, yasingefika huku."

"Uliulizwa, baba mdogo," Otilia alisema.

Gaudensi alicheka kidogo, kisha akamwita binti yake karibu.

"Kutojua sheria lilikuwa kosa letu sisi wakubwa. Tungeuliza mapema, lingekwisha mapema. Lakini tuliogopa kuuliza, na woga ukatutuma kudanganya. Kosa tumelilipia, limekwisha. Ule uongo ungeandikwa, tungeulinda maisha yetu yote, kisha tungewarithisha ninyi watoto muulinde. Wewe umetuepusha na hilo."

Jane alikuwa anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye begi. Kesho wangepitia mpakani Kasesya, mchana kweupe, kwenda kumwona bibi, na kurudi.