Theluji ya Ukurasa wa Tisa

Barafu ililia chini ya buti zake.

Ross Kowalchuk hakupunguza mwendo. Hatua hamsini mbele, mtu mwenye koti la kijivu alikuwa akiuvuka mbio Mto Red ulioganda, mkoba kifuani. Winnipeg, Februari 1985. Jua kali, baridi ya kuua.

"Bundi, hapa Kituo," redio ya Motorola ilikoroma. "Tunamtaka mzima."

"Nimesikia."

Barafu ikapasuka. Mtu akazama hadi kwapani. Akautupa mkoba kando, akanyoosha mkono.

"Nivute, ndugu yangu! Nakuomba!"

Kowalchuk alilala kifudifudi, akanyoosha wake. Akachukua mkoba.

Akatazama mpaka viputo vikakoma.

"Kituo, amezama. Mzigo ninao."

"Tulisema mzima!"

"Uambieni mto."

Mkobani mlikuwa na kitabu cha katuni tu. *Mlinzi wa Barafu*, toleo jipya.

Kowalchuk alimjua Mlinzi tangu utotoni. Wakati wa vita shujaa huyo alipasua manowari za Wajerumani kwa ngumi. Amani ilipokuja, akasahauliwa. Sasa mchoraji wake alikuwa amemfufua. Katika hadithi mpya, Mlinzi anazinduka, anazunguka mjini, anawakuta askari wenzake wakilala stesheni. Hakuna anayemtambua. Ukurasa wa tisa, anapiga magoti kwenye theluji.

Kowalchuk akaiwekea lenzi theluji hiyo. Chembe hazikufanana. Miiba mirefu, miiba mifupi.

Msimbo.

Saa mbili baadaye Kituo kiliusoma: mahali ilipo mitambo mitatu ya rada ya kaskazini.

Mchoraji, Desmond Thorlakson, miaka sabini na mmoja, aliishi peke yake juu ya duka la fundi cherehani, Sargent Avenue. Alifungua mlango, wino vidoleni. Akaiona bastola, Browning. Hakushtuka.

"Umechelewa, kijana. Kahawa imeshapoa."

"Kwa nini, mzee?"

"Mdogo wangu Baldur alijiandikisha jeshini kwa sababu ya kitabu changu. Akafia vitani, Dieppe. Nilipomfufua Mlinzi, alitazama huko nje akaniuliza, tulipigania nini? Nikakosa jibu. Wageni fulani walionijia walikuwa nalo."

"Lao si jibu. Ni chambo."

"Basi niambie lako."

Kowalchuk alivuta karatasi tupu mezani. Akamsukumia kalamu.

"Chora ukurasa mwingine, uwapelekee kama kawaida. Waambie una ramani kamili. Waje kiwanja cha ndege cha zamani, Gimli, Alhamisi saa sita mchana."

"Nikikataa?"

"Mlinzi anakufa. Ukichora, ataendelea kuchapishwa. Naapa."

Mzee alichora. Chembe alizirudia mara mbili, uso wa Mlinzi mara moja tu.

Alhamisi wakaja wanne, kwa pikipiki mbili za theluji, Ski-Doo.

Theluji ikasimama. Askari ishirini waliovaa nyeupe.

Mmoja akagusa bastola. Kowalchuk akamtia risasi ya koo. Watatu wakainua mikono.

Akamkaribia kiongozi wao, akamkunjulia ukurasa usoni.

"Mchoraji wenu anawasalimu." Akamgeukia sajenti. "Mpeni simu. Ana haki ya kuongea na ubalozi wake."

"Bwana, si atawaambia wenzake nani kawauza?"

"Mpe simu."

Ijumaa asubuhi alimkuta Thorlakson amekaa kitandani, sanduku magotini.

"Nimefunga nguo. Jela ipi?"

"Hakuna jela. Uko huru, mzee."

Uso wa mzee ukapauka.

"Wataniua! Nikamate, mwanangu. Nitakiri kila kitu."

"Huna la kukiri. Umelisaidia taifa."

"Na Mlinzi?"

"Mabamba ya uchapaji yameyeyushwa leo alfajiri."

"Uliapa!"

"Niliapa."

Kowalchuk akarudishia mlango taratibu, akashuka ngazi. Ng'ambo ya barabara gari lilikuwa limeegeshwa, injini ikinguruma, wanaume wawili ndani. Wakamtazama. Akawapisha kwa adabu walipofungua milango, akavuka.

Mkahawani kwa Bi Halyna, pale kona, pierogi za viazi zilikuwa zimeepuliwa sasa hivi. Aliagiza sahani mbili.