Pikapu Iliyokosa Hewa

Haya yalimkuta mume wa dada yangu, fundi umeme wa magari. Nyumbani tunamwita Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Ni mtu wa mizaha. Akikusimulia jambo bila kucheka, ujue limemfika.

Ilikuwa mchana mweupe, gereji imetulia. Ikaingia pikapu inakohoa, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Akashuka mwanamume wa miraba minne, na nyuma yake mama yake, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Futa hiyo taa, fundi. Nina safari."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, bosi," Waya akamtania. "Kwanza tujue inalalamika nini."

Akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. Kosa likatokea kwenye kioo cha mashine: injini haipati hewa ya kutosha. Jambo jepesi. Akainua boneti, akafungua kasha la chujio la hewa.

Lilikuwa limejaa udongo. Si vumbi la barabarani. Udongo mbichi, mweusi, wenye vimizizi, baridi kama umetoka shimoni sasa hivi.

Akaukomba, akaweka chujio jipya, akafuta kosa. Taa ikazimika. Akawasha injini, ikanguruma vizuri, kisha ikaanza tena kukohoa. Taa ikawaka. Kosa lile lile. Alipofungua kasha, lilikuwa limejaa tena, na safari hii katikati ya udongo kulikuwa na jino la mtu.

"Bosi, njoo uone."

Yule mwanamume akaja, akaona. Hakuuliza ni la nani. Alimtandika Waya ngumi ya mdomo iliyombwaga juu ya matairi makuukuu.

"Nilikwambia ufute. Sikukwambia uchimbe."

Mama akamwinamia Waya, akamnong'oneza. "Gari hili ni la mwanangu mdogo. Mwaka jana walitoka pamoja. Akarudi huyu peke yake. Anasema mdogo wake amehama."

Mwanawe mkubwa alisikia. Akamkamata mama ukosi wa gauni, akambamiza ukutani, akaingia garini ili aondoke.

Milango ikajifunga yenyewe.

Injini ikanguruma mpaka boneti ikatetemeka, na mguu wake haukuwa kwenye pedeli ya mafuta. Matundu ya kiyoyozi yakaanza kutapika udongo. Ukamfika kiunoni. Kifuani. Akavuta kitasa, kikang'oka. Akapiga kioo cha mlango kwa ngumi, kisha kwa paji la uso. Tena. Tena. Kioo kikawa chekundu, hakikupasuka. Waya anaapa kwamba mwishoni hakuwa akijipigiza mwenyewe. Kuna kitu kilikuwa kikimsukuma kisogo kutoka nyuma.

Waya akachukua nyundo, akakivunja kile kioo. Udongo ukamwagika miguuni pake. Yule mwanamume akaning'inia dirishani, pua imelala upande, kinywa kimeshindiliwa.

Mama akasogea. Hakulia. Alitia vidole kinywani mwa mwanawe, akauchokoa udongo, na meno yakatoka nao.

"Umemweka wapi?"

"Machimbo ya kokoto," akakoroma. "Nilimpiga kwa spana. Mama... alikuwa bado anapumua nilipomfukia."

Mama akatoa vidole. Akarudi nyuma.

Waya alimshika mabega amvute nje. Hakuwahi. Udongo ulipanda tena kinywani, na sasa ulitokea kooni, ukimtoka puani, ukiyatoa macho. Kisha kichwa kikageuzwa, taratibu, mpaka kikatazama kiti cha nyuma. Shingo ililia kama kijiti kikavu. Injini ikazimika.

Kesho yake polisi walichimba kule machimboni, Waya akiwa amesimama na mama. Mdogo mtu alikuwepo. Alishakaa ardhini kwa muda mrefu; iliyobaki ni mifupa na matambara.

Isipokuwa mikono. Kuanzia viwikoni ilikuwa na nyama nzima, na vidole vilikuwa na malengelenge mapya, kama vya mtu aliyeshika injini ya moto.

Mama ndiye aliyeiosha ile mikono. Alimwambia Waya, kwa sauti ya chini, kwamba ilikuwa bado ina joto.