Kiti cha Moklis Miah

Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea. Lutfa aliisogeza picha karibu na taa, akakodoa macho, kisha akajiambia ni uchovu tu. Ilikuwa picha ya mama yake, Khoirun Bibi, iliyopigwa studio kule kwao Sylhet alipokuwa bibi arusi: kaketi wima, sari imemfunika hadi kwenye paji la uso, na ubavuni kwake kiti kitupu. Kiti kiliachwa makusudi. Mume, Moklis Miah, alikuwa London akiosha vyombo mgahawani, na mpiga picha aliahidi kwamba sura ya bwana ikifika kwa posta ataikata na kuibandika pale, waonekane wameketi pamoja. Haikufika. Bwana alikuwa na kazi nyingi, au ndivyo alivyoandika.

Kwenye chumba cha kumbukumbu cha Wabengali wa London ya Mashariki, juu ya duka la sari, Lutfa alipokea picha za watu na kuziingiza kwenye kompyuta. Zilijaa familia za kubandikwa, na wanaume wenye suti za kuazima waliokumbatia redio za studio ili kwao wajue mambo yamenyooka. Aliwapenda kwa uongo wao. Watu wamejichagulia waonekaneje, alizoea kusema, tusiwaharibie. Kisha akamharibia mama yake mwenyewe. Alichukua sura ya marehemu baba, akaikata kwa kompyuta, akamkalisha kitini, ili amfurahishe mama siku ya maonyesho ya picha hizo.

Alipoifungua tena ile picha, baba alikuwa pembeni, nusu nje ya picha, kama mpangaji aliyetupiwa vyombo nje. Mto umebonyea zaidi. Chumba kizima kilinuka tope la shamba la mpunga.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Khoirun Bibi alikuwa ameacha kula. Kila mlo alipakua wali na samaki, akasukuma sahani mbele ya kiti cha upande wa pili, na sahani ile ilirudi imelambwa. Mikono yake ilibaki mifupa na bangili.

"Amma, unaongea na nani?" Lutfa alimwuliza mama yake.

"Punguza sauti. Umemkalisha baba yako kwenye kiti chake, akaja kuketi hapa. Angekwenda wapi?"

Ndipo akamwambia mwanawe jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile ya studio mpiga picha alimtaka akigeukie kile kiti, akisemeshe kama vile mumewe yupo, ili uso upate ulaini. Naye kwa haya akanong'ona: karibu, keti. Kitu kikaketi.

"Baba yako alikuja mara mbili tu kabla hajatuita huku," alisema. "Huyu hakuniacha hata siku moja. Yeye ndiye anayenijua."

Lutfa alimleta Maulana Ashkor, mtu mwembamba mwenye kikohozi, aliyesoma na kupulizia maji mpaka jasho likamtoka, na kadiri alivyosoma ndivyo lile tope lilivyozidi kunuka, likapanda kooni, mapazia yakaanza kuchuruzika maji, na kutoka kwenye kiti kitupu ikasikika pumzi nzito, ya polepole, ya mtu aliyeshiba. Maulana akafunga kitabu.

"Mimi siwezi," alinong'ona. "Aliyemkaribisha ndiye atakayemwondoa."

Khoirun Bibi alikataa. Lutfa akapiga magoti, akaishika ile miguu iliyokwisha.

"Amma, anakumaliza. Sina mwingine mimi."

Mama akakigeukia kiti, na kwa adabu ile ile anayopewa mume, akasema: "Inuka. Umekaa sana."

Kiti kikalia. Mlango ukafunguka wenyewe, na ile harufu ikashuka ngazi taratibu kama mtu mzima. Maulana alimshukuru Mungu, akakataa chai, akaondoka haraka.

Jioni ile Khoirun Bibi alikula mpaka akaomba nyongeza. Mwili ulianza kurudi. Lakini alimwita Lutfa dada, akamwuliza kama yeye ndiye mke wa mpiga picha, na picha ya bwana imefika? Maisha yake yote tangu studio yalikuwa yametoka na yule mgeni. Daktari alitaja ugonjwa wa kusahau wa wazee, Lutfa akaitikia bila kusadiki. Kila giza lilipoingia, yule bibi arusi mwenye mvi alikwaruza mlango akimlilia mama yake, akiwasihi hao watu asiowajua wamrudishe kwao, na Lutfa akimkumbatia, alipigwa makofi ya uso. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Alimtaka mama yake, basi.

Alikivuta kile kiti, akakitazamisha na mama, na huku akijua vizuri anafanya nini na kwamba safari hii atakayelipa ni yeye mwenyewe, akainama mpaka midomo ikakaribia kugusa mto wake, akanong'ona, "Karibu. Keti."

Mto ukabonyea polepole. Tope likanuka.

Khoirun Bibi akainua kichwa, akarekebisha sari yake.

"Lutfa, mwanangu," alisema, "umerudi saa ngapi kazini? Mbona umekonda hivyo?"

Lutfa akalia kwa furaha, akaenda jikoni kupakua wali wa watu watatu.