Mwani wa Mzazi

Mwezi wa tatu ukiingia, nyumba nyingi za Gijang, pwani ya Korea, huanika mwani. Asubuhi kabla ya shule, Dasol na bibi yake walitandaza mikanda ya mwani juu ya nyavu uani, wakaigeuza na kutoa kokoto zilizonasa. Bibi aliuza mwani sokoni tangu ujana wake, na hakuna mkanda mbovu uliompita.

"Huo usiuguse," alisema siku moja, akivuta mkanda mpana uliomzidi Dasol urefu. "Huo ni wa Hyesun."

Mwani wa mzazi haukunjwi wala haukatwi. Hutundikwa mzima hadi siku ya kujifungua, kisha mama hupikiwa supu yake. Watu wa huko husema kwamba anayeuvunja amemtakia mama uchungu mbaya, na hata mnunuzi haombi kupunguziwa bei yake. Bibi aliufunga mkanda ule kwa kamba ya majani ya mpunga, akautundika stoo.

Dasol alikohoa tu. Hyesun alikuwa mke mpya wa baba yake, na kwa Dasol, binti wa miaka kumi na miwili, mwanamke huyo hakuwa na jina. Akimtaka, alikohoa.

Nyumba nzima sasa ilikuwa ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mlango wa friji ulijaa picha za kliniki: mtoto akiwa kama punje, mtoto mwenye kichwa, mtoto anayenyonya kidole. Kwenye kalenda, siku moja ya mwezi wa tano ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Jina la tumboni alikuwa nalo tayari, kama watoto wote wa huko. Aliitwa Hobak, yaani boga, kwa sababu Bibi aliota boga kubwa likibingirika hadi mlangoni kwao. Kila jioni Hyesun aliushika mkono wa Baba na kuuweka tumboni. "Hobak leo kapiga teke," alisema, na Baba akacheka kama mtoto. Dasol aliinama akala wali wake.

Yote hayo angeweza kuyameza. Blauzi hakuweza.

Alitoka shule akamkuta Hyesun sebuleni na mkasi, sindano na kikoti kidogo cheupe kisicho na kola. Pembeni yake kulikuwa na mikono miwili ya blauzi iliyokatwa. Dasol aliitambua mara moja. Ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyefariki Dasol akiwa darasa la kwanza.

"Njoo ushike," Hyesun alimwambia kwa furaha. "Kitambaa nimekipata kabatini, sanduku la chini. Mtoto mchanga hutakiwa avae kitambaa kilichofuliwa sana. Ona kilivyo laini."

Dasol hakushika. Alimngoja baba yake, dereva wa lori la samaki, akamweleza uani huku sauti ikimkatika.

"Ni kitambaa tu, mwanangu," Baba alisema. Alikuwa amechoka na hakumtazama. "Usimsumbue mwenzio. Ana mimba kubwa."

Siku ile Dasol aliapa kwamba Hyesun atalipa. Alianza na mambo madogo. Alimfichia ndara, akamzidishia chumvi kwenye supu, akauacha wazi mlango upepo wa baharini umpige. Hyesun alitafuta ndara zake, akanywa supu ile, akafunga mlango. Hakulalamika, na hilo lilimchoma Dasol zaidi, maana kisasi kisichoonekana hakimshibishi mtu.

Ndipo alipoingia stoo. Aliutungua mkanda wa mwani, akauweka gotini, akauvunja. Ulilia kama kuni kavu. Akavunja tena, na tena. Moyo wake ulisikia raha, tena raha tamu, na ni uongo kusema hakuisikia. Alivificha vipande nyuma ya magunia.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuwa safarini na Bibi alikuwa sokoni. Hyesun alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Uso wake ulikuwa umevimba, na pete yake ilikuwa imezama kidoleni.

"Dasol, kichwa kinanigonga tangu jana," alisema. "Na naona vinyotanyota. Bibi yako hapokei simu, unajua anavyoitupa chini ya kikapu. Ukimpelekea chakula, mwambie aje. Usisahau, tafadhali."

Dasol alikohoa, akachukua chakula, akaenda.

Njiani alijiambia kwamba wajawazito hudeka. Alijiambia pia kwamba yeye alipolia uani hakuna aliyemsikiliza. Alipofika sokoni, Bibi alikuwa akipanga mafungu ya mwani na kutaniana na muuza pweza wa meza ya pili.

"Nyumbani wazima?" Bibi aliuliza, akipokea chakula.

"Wazima."

"Hyesun kala?"

"Kala."

Neno lile lilitoka kwa urahisi. Dasol alinunua keki ya samaki ya kijiti hapo hapo mbele ya Bibi, akaila taratibu huku akitembea, akapitia kwa rafiki yake wakacheza karata. Aliporudi nyumbani, jua lilikuwa limejaa sebuleni.

"Anakuja?" Hyesun aliuliza.

"Anakuja."

Hyesun aligeuza kichwa huku na huku, macho yake yakitafuta kitu. "Basi niwashie taa, mama. Mbona giza limeingia mapema hivi?"

Dasol aliganda. Mwanga wa jua ulikuwa juu ya uso wa Hyesun wenyewe.

Jambo moja tu lilimjia kichwani: mwani. Alikimbilia stoo, akatoa vipande nyuma ya magunia, akajaribu kuviunga kwa kamba. Vilimomonyoka. Akatoka mbio hadi sokoni, kiatu kimoja kikibaki njiani.

"Bibi, nipe mwani wa mzazi," alisema akihema. "Mzima. Mrefu kuliko yote. Haraka, Bibi."

"Wa nini? Si upo stoo?"

"Niliuvunja. Niliuvunja makusudi, na sasa anaona giza mchana. Nipe mwingine nikautundike."

Muuza pweza aliguna, akafunika mdomo. Lakini mawazo ya Bibi hayakuwa tena kwenye mwani. "Nani anaona giza mchana?"

"Hyesun. Na kichwa kinamuuma tangu jana, na uso umevimba. Alinituma asubuhi nikuite."

Bibi alimtazama kwa kitambo kifupi ambacho Dasol hakukisahau maishani. Kisha akapekua kikapu, akatoa simu, akaita gari la wagonjwa, na kuacha meza yake wazi bila kumwomba mtu amwangalizie.

Hospitalini walimpeleka Hyesun moja kwa moja chumba cha upasuaji. Baba alifika na nguo zinazonuka samaki. Walingoja hadi daktari alipotoka na kusema kwamba mama yu hai na mtoto wa kike yu hai, ingawa amezaliwa kabla ya wakati na atalala kwanza kwenye kisanduku cha kioo chenye joto.

"Presha ilipanda vibaya sana," daktari alisema. "Mjamzito akiumwa kichwa kisichotulia, akavimba uso na mikono, macho yakaona nyota au giza, huo si uchovu wala kudeka. Analetwa siku hiyohiyo. Mngechelewa kidogo tu, tungezungumza mengine."

Baba aliposogea dirishani, Bibi alimkalisha Dasol kwenye benchi.

"Mwani ule nitaupika vilevile," alisema. "Ukiloweka ni supu tu. Hasira yako juu ya blauzi naijua, na baba yako alikosea kukujibu vile, nitamwambia mwenyewe. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ulikuja sokoni unalilia mwani. Mwani haukukutuma. Aliyekutuma ni mtu, ukala keki."

Dasol alilia, na Bibi hakumbembeleza.

Siku ya tatu aliruhusiwa kumwona Hyesun. Alimweleza yote akiwa amesimama: blauzi, ndara, chumvi, mwani, na lile neno "wazima". Hyesun alisikiliza bila kumkatiza.

"Blauzi sikujua ni ya mama yako," alisema hatimaye. "Ungeniambia, nisingeigusa. Kwa hilo nisamehe. Kwa lile la pili, nimekasirika, Dasol. Nilikaa pale nikingoja mlango ufunguke. Siwezi kukudanganya kwamba yamekwisha."

"Nitafanya nini yaishe?"

Hyesun alijigeuza kitandani, uso ukakunjamana kwa maumivu, akaingiza mkono chini ya shuka. Vidole vilitoka na damu kidogo.

"Kidonda kinavuja," alisema. Alimtazama Dasol, akasita, kisha akasema, "Nenda kamwambie nesi. Mwambie kinavuja upande wa kulia na kinachoma. Useme hivyohivyo."

Dasol alikimbia. Alimkuta nesi mwishoni mwa ukumbi akipanga dawa, akamwambia kinavuja, upande wa kulia, kinachoma, akamngoja hapo hapo hadi alipoacha kigari chake. Walirudi pamoja, Dasol mbele akimfungulia mlango.

Nesi alisafisha kidonda, akabadilisha bandeji. Alipotoka, Hyesun alifumba macho.

"Hasira si kosa," alisema polepole. "Hata mimi ninayo sasa hivi, na umeiona. Ila ukiwa nayo, mwambie mtu usoni, mgombane. Afya ya mtu usiigeuze fimbo ya kumchapia." Alifungua jicho moja. "Kesho saa ya kukamua maziwa ya Hobak uje. Nitahitaji wa kutuma."