Kosa la Ukurasa wa 112

Pikipiki nyeusi bado ilikuwa nyuma yake. Wanaume wawili. Mmoja alificha kitu chini ya koti la mvua.

Vestine, mpelelezi wa polisi, alikaza mwendo. Pikipiki yake ya TVS ilipanda kilima cha Nyabiondo ikinguruma. Kifuani alibeba karatasi ya mwalimu Byamungu: makosa kumi na moja aliyoyaona katika kitabu cha usalama wa kompyuta, kile kinachotumiwa na ofisi zote zinazoongoza misafara ya njia ya Walikale.

Kumi yalikuwa ya uzembe.

La kumi na moja liliwekwa makusudi na wauza magendo ya madini.

Byamungu aliligundua Jumatatu. Alhamisi alizikwa.

Redio yake ya Motorola ilikoroma. Alikuwa mkuu wake, Papa Léonard.

"Msafara umetoka Omate. Bashahidi bane ba kesi ya madini bako ndani. Bale bantu ba magendo banasoma njia yao yote ku kompyuta."

"Na basoda, baaskari betu?"

"Bako ku daraja ya chini. Banangoja."

Kwenye kona aliiacha barabara, akajitosa njia ya miguu katikati ya mihogo. Pikipiki nyeusi ilipitiliza.

Ofisini alimkuta Rukundo, msimamizi wa kompyuta, mtu mzima wa kufuata maagizo. Vestine alifungua kitabu chake ukurasa wa 112.

"Hii mlango ya kuingilia ku kompyuta toka mbali, uliiacha wazi?"

"Njo vile kitabu inasema, dada. Na mot de passe, neno ya siri ya kiwandani, tusibadilishe."

"Kitabu inadanganya. Mwenye aliona uwongo yake, bamemuua."

Rukundo akanyoosha mkono kwenye kompyuta aufunge mlango huo.

Vestine aliudaka mkono wake. "Ngoja. Basome kwanza. Andika: msafara unageuka, unapita ku daraja ya chini."

Rukundo akaandika, akatuma.

Nje, pikipiki nyeusi ilisimama. Hatua zikasogea mlangoni. Vestine alichomoa bastola yake ya Browning, akabana pumzi.

Simu ikalia huko nje. Sauti nzito ikasema, "Daraja ya chini? Sawa."

Pikipiki ikashuka kilima.

Robo saa ilipita kama mwaka.

"Tumebakamata bote," Motorola ikasema. "Msafara umepita ku njia yake, salama."

"Sasa funga," Vestine alimwambia Rukundo.

Alipofunga na kubadilisha neno la siri, Vestine aliyapiga mstari maneno ya ukurasa ule kwa kalamu nyekundu ya Bic, akaandika sahihisho neno kwa neno. Chini akaweka jina: Byamungu.

"Bitabu bingine biko ngapi?"

"Makumi tatu na tisa." Rukundo alikifunga kitabu. "Na mwenye aliandika hii kitabu, ako wapi?"

Vestine alivaa helmeti.

"Hatuyamupata. Anaandika kitabu ingine."

Akatoka, taratibu, bila kugeuka.