Lebo Aliyoichagua Kerosi

Jacktone Onyango alifia mdomoni mwa shimo la dhahabu, Osiri, midomo imeungua, chupa ya maji ingali mkononi. Ndani yake hamkuwa na maji. Mlikuwa na asidi ya kusafishia dhahabu.

Adhuhuri mkewe, Monicah, alikuwa seli. Chupa aliyompa mumewe haikuwa na lebo wala alama ya gundi, kwa hiyo polisi walisema ni yeye aliyeitia asidi. Kesho angepelekwa mahakamani. Huku kwetu maskini akifa kwa sumu, hukamatwa maskini mwenzake. Zebaki ya kukamatia dhahabu ilipotetemesha mikono ya mama zetu, si tuliambiwa ni pombe?

Inspekta Nyamoita hakuridhika. Alimuuliza Monicah chupa aliitoa wapi.

"Kwa beseni, madam. Maji ya kunywa tunaweka hapo yapate baridi."

"Na asidi?"

"Pia. Ikishika joto inarusha kifuniko. Lakini hiyo huwa na karatasi nyekundu. Mimi nilichukua isiyo na karatasi."

Nyamoita alinunua chupa ya asidi kwenye kibanda cha Kerosi, aliyewauzia wachimbaji, akaitumbukiza katika beseni la maji. Hata chai yake haikuwa imeisha alipoitazama tena. Lebo nyekundu ilikuwa inaelea, fuvu la hatari likitazama juu. Alipapasa chupa: safi, kama haijawahi kubandikwa kitu.

Pembeni mwa lebo palikuwa na jina la mchapishaji, Homa Bay. Nyamoita akaenda. Lorine, mwenye mashine, alikumbuka vizuri. Alikuwa amemwonyesha Kerosi lebo ya plastiki, ambayo gundi yake haiogopi maji wala asidi. Kerosi aliikataa. Alitaka ya kubanduka kwa kitambaa kibichi, isiache alama.

Kerosi alicheka alipoulizwa. "Madam, sasa stika ni kesi?"

"Ulijua chupa hukaa majini?"

"Osiri nani hajui?"

"Basi kwa nini uliichagua hiyo?"

Kicheko kiliisha. Akakaa juu ya kreti.

"Sina leseni ya asidi. Wakaguzi wakija, napitisha kitambaa, kibanda kizima kinakuwa cha maji. Nilitaka mnunuzi aione lebo, askari asiione." Akainamisha kichwa. "Nilijua siku moja mtu atakosea. Nikajiambia hatakuwa mteja wangu."

Jioni Monicah alifunguliwa. Hakushukuru. Nyumbani kwa marehemu waombolezaji walikuwa wamejaa, na wote walishamhukumu.

"Twende na wewe kwa mama mkwe," alimwambia Nyamoita. "Umwambie kwa mdomo wako. Mimi hataniamini."