Sinki la Kizito na Safari ya Mama

Mshona nguo alikuwa na nyumba mbili. Moja ilikaa. Nyingine ilitembea.

Ile ya kutembea ilikuwa gari kuukuu. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo, sinki, na tangi la maji chini ya kiti. Majirani waliliita gari-nyumba. Kila mwezi yeye na mumewe walilipakia sare za shule wakaziuza miji ya mbali. Usiku walilala humohumo. Asubuhi walifungua mlango wakakuta dunia imebadilishwa kama shuka.

Hata gari lilipoegeshwa uani, mshona nguo alipenda kushonea ndani. Asubuhi moja ukungu ulifika madirishani. Gari likawa kama linaelea. Cherehani iliimba polepole, na bomba la sinki likaitikia. Tone. Tone. Tone.

Akafumba macho. Akamwona mama yake ameketi juu ya kilima alikozaliwa, upepo unamchezea kanga. Watu walihama kilima hicho zamani, kwa sababu hakina maji. Lakini mama aliomba jambo moja tu mwaka huu.

"Nipelekeni nikalale pale siku tatu," alisema. "Mwakani magoti haya hayatakubali."

Safari ilikuwa wiki ijayo. Mshona nguo akafumbua macho. Akasimama. Sakafu ikabonyea chini ya mguu wake, laini kama mkate uliolowa chai.

Akachungulia chini ya sinki. Plastiki ilikuwa imepasuka kwenye kona, na maji yalipenya mpaka kwenye mbao. Akakinga kikombe chini ya bomba. Kabla hajamaliza kola ya pili, kikombe kilijaa.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo uone! Tangi letu ni lita sitini, na bomba hili linakunywa kuliko sisi. Tukifika kilimani tutaoga mate!"

Mumewe alikuwa mwashi. Watu walimwita Kizito, kwa sababu kwake kitu kizuri ni kile kinachobebwa na watu wawili.

"Hilo si sinki, ni sahani iliyopotea njia," alisema. "Niachie mimi."

Akapima ukingo wa sinki la zamani kwa futi yake. Jioni akarudi na sinki jeupe la kauri, limebebwa na watu wawili, wanahema. Bomba lake lilikuwa na shingo kama ya twiga.

"Nyumba zote ninazojenga huwekewa hili," alisema.

Sinki halikuingia kwenye tundu. Kizito akachukua msumeno, akaongeza tundu. Kesho yake akasema wakalijaribu gari barabarani. Mama naye akapanda. Akakaa kitini, akafumba macho, akatabasamu. Moyoni alikuwa ameshafika.

Gari likapanda tuta.

Kwanza ilisikika "kwaa!" Bomba lilikuwa limegonga kabati. Kisha "puu!" Meza nyembamba iliyobeba sinki ilikatika, nalo likatua sakafuni vipande vitatu. Maji yakaruka.

"Mkwe," mama aliuliza, bado kafumba macho, "tumefika?"

"Bado, mama," Kizito alijibu kwa sauti ndogo. "Tumefika kwenye tuta tu."

Jirani yao, mwanamke fundi bomba, alikuja kuona. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, umejenga ghorofa juu ya kikapu!"

"Cheka umalize," alisema Kizito. "Halafu useme nifanye nini. Nimemharibia mama safari."

Fundi bomba akaacha kucheka. Akaketi kizingitini.

"Nyumba hii inatetemeka siku nzima," alisema. "Kauri ni nzito, na ikitikiswa hupasuka. Plastiki ni nyepesi, lakini nyembamba huchoka upesi. Chagua chuma kisichoshika kutu. Ni chepesi, na hakivunjiki. Sasa niambie, ulipima nini?"

"Ukingo."

"Ukingo hulala juu ya meza. Pima tundu: urefu na upana. Kisha pima kina, usije ukagonga paipu na droo zilizo chini."

Mshona nguo akapiga paja.

"Kumbe sinki ni kola! Na tundu ni shingo!"

"Haswa! Na bomba nalo lina vipimo. Hesabu matundu yake kwenye sinki. Liwe fupi, lisifike kabati. Tafuta lenye kichujio mdomoni, kinachochanganya maji na hewa. Maji hutoka kidogo, na mikono hutakata vilevile."

Kizito aling'oa mbao zilizooza, akaweka mpya za plaiwudi kavu, na meza akaiunda upya. Mshona nguo akachora tundu kwenye karatasi, kama anavyochora gauni. Akaenda dukani na karatasi yake. Muuzaji alishangaa kuona sinki likipimishwa nguo. La tatu lilikaa sawasawa.

Siku ya kazi, fundi bomba alisimama nje, mikono nyuma.

"Zima pampu. Funga maji ya tangi. Sasa fungua bomba, presha itoke. Ndoo iko wapi, shemeji? Au utakinga kwa kofia?"

Walifunga bomba jipya kwenye sinki kabla ya kuliteremsha, maana chini hapakuwa na nafasi ya kiwiko. Wakazungushia gundi ya silikoni ukingoni, maji yasipenye. Wakakaza vishikizo na nati kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana. Kizito alitaka kuongeza.

"Acha!" fundi alimkemea. "Ukikaza mno unapasua. Hiyo si nondo."

Silikoni ilikauka siku nzima. Wakafungua maji, wakapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ilitoka kavu. Kisha wakalizungusha gari kwenye matuta yote ya mtaa, wakapima tena. Safari hii karatasi ililowa kwenye nati moja, Kizito akaikaza kidogo.

"Ndiyo maana tunapima mara mbili," alisema fundi bomba. "Barabara hulegeza. Mkifika huko, pimeni tena."

Walipima tena kilimani. Ilikuwa kavu.

Siku ya tatu mama aliamka mapema. Mawingu yalikuwa chini yake, meupe, yametulia. Akanawa uso kwenye sinki, akafunga bomba mwenyewe. Halikudondosha hata tone. Akaketi mlangoni, akatazama mahali palipokuwa na nyumba yao. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayesikiliza.

"Tunaondoka lini?" aliuliza.

"Leo mchana, mama," alijibu mshona nguo.

"Tangini mna maji?"

Kizito aliinua kiti, akachungulia.

"Yapo, mama. Karibu nusu."

Mama akanyoosha miguu yake juani.

"Basi, mkwe," alisema, "tutaondoka kesho kutwa."